Marehemu Aliyetoa Kiwanja

Barua ya kwanza ya kumkatalia ilikuwa na adabu zake. Ya pili haikuwa na salamu wala "ndugu mwombaji". Ilisema tu: "Mtoa kiwanja alifariki mwaka 2009. Mwombaji afafanue alikipokeaje mwaka 2019." Zuhura aliisoma kwenye simu akiwa amesimama mlangoni mwa zahanati yake, akairudia kwa sauti, kisha akaachia tusi ambalo tabibu hapaswi hata kulifahamu, sembuse kulitamka mbele ya akina mama waliokuja kupima watoto uzito. Akina mama wakajifanya hawakusikia. Mmoja alicheka mpaka mtoto wake akaamka.

Zahanati yenyewe haikuwa na kasoro. Tuseme ukweli, ilikuwa nzuri kuliko nyumba zote za Lugeni, kijiji kilichojibanza huko juu milimani, kupita Kinole, ambako migomba imeota mpaka mahali mbuzi anapoogopa kukanyaga. Vyumba vinne, bati la bluu, umeme wa sola, friji ya chanjo, kitanda cha kujifungulia, na leseni ya wizara ndani ya fremu ukutani. Zuhura alikuwa tabibu wa hospitali mjini Morogoro kwa miaka ishirini na miwili. Alipochoka kuona watu wa kwao wakifika wodini wakiwa wamechelewa, aliacha kazi akaenda kujenga kwao, yaani kwa mama yake. Kwa Waluguru kwenu ni kwa mama. Kwa baba unakwenda kusalimia.

Kilichokosekana ni kitu kimoja tu, jina la zahanati katika orodha ya watoa huduma wa bima ya serikali. Kampeni ya bima ilifika Lugeni kwa kishindo, na spika na fulana, na sasa karibu kila kaya ilikuwa na kadi. Kadi hizo zilipokelewa kote isipokuwa mlangoni kwa Zuhura. Watu walikuwa wanafika, wanamsalimia, wanauliza habari za orodha, halafu wanaendelea kuteremka bondeni na homa zao. Wengi alishawapa dawa bure mpaka rafu zikabaki na vumbi, na rafu hazijijazi zenyewe.

Aliyemuumiza zaidi alikuwa jirani yake, Bi Pili, mzee wa miaka sabini na ushee mwenye presha na mguu uliovimba. Kila mwezi Bi Pili alipita mbele ya mlango wa Zuhura na kadi yake ndani ya leso, akateremka kwa miguu mwendo wa saa moja na nusu mpaka barabarani kutafuta pikipiki. Wiki mbili zilizopita aliteleza njiani, akakaa kwenye shamba la watu tangu asubuhi mpaka alasiri ndipo wabeba machungwa wakamkuta. "Usinune, mwanangu," alimwambia Zuhura siku waliyomrudisha. "Mimi nakupenda. Kadi yangu ndiyo haikupendi." Zuhura alicheka naye, akaingia stoo, akalia katikati ya maboksi ya glavu.

Dirisha la maombi lilikuwa linafungwa Ijumaa. Likifungwa, ni mpaka mwakani, na Zuhura alijua mguu wa Bi Pili hauwezi kusubiri mwakani. Na siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Akateremka kwa miguu mpaka barabarani, akapanda pikipiki mpaka mjini kwa Halidi.

Halidi alikuwa na kibanda cha stesheneri karibu na soko, na bango lililoahidi kila kitu isipokuwa pepo. Picha za pasipoti, leseni, vyeti, maombi ya chuo, usajili wa aina zote. Watu walimwita Daktari wa Fomu, naye hakuwahi kuwakatalia. Alikuwa mtu wa Ngerengere, mwembamba, mwenye mdomo, na aliamini kwamba hakuna ofisi duniani isiyofunguka ukijua kiambatanisho gani kinatangulia kipi.

"Haya, Dokta," alisema akifungua faili la Zuhura kwenye kompyuta. "Kiwanja kakupa nani?"

"Mjomba. Lukonge."

"Barua kasaini Lukonge. Sawa. Namba yake ya kitambulisho hii hapa. Mbona nikiiweka inakuja Mansuri Selemani?"

"Ndiye huyo huyo. Mansuri ni jina alilozaliwa nalo. Alipokufa Lukonge, yeye akarithi jina."

"Lukonge gani tena aliyekufa?"

"Wa kabla yake. Kiongozi wa ukoo wetu siku zote anaitwa Lukonge. Akifa mmoja, mpwa wake anakalia jina. Tangu enzi na enzi."

Halidi alishusha ukurasa, akasimama ghafla. "Na hiki cheti cha kifo umekiweka cha nini?"

Hapo Zuhura alijiona ana akili. "Waliuliza Lukonge ana mamlaka gani ya kutoa ardhi. Nikawawekea cheti cha kifo cha Lukonge aliyepita, waone kwamba huyu ni Lukonge halali, hakujitwalia jina mwenzie akiwa hai."

Kwa mtu yeyote wa Lugeni huo ulikuwa ushahidi usio na doa. Halidi alimtazama, akatazama skrini, kisha akalaza kichwa juu ya mashine ya fotokopi akacheka mpaka mashine ikatoa karatasi tupu mbili. "Dokta," alisema akijifuta machozi, "umewaandikia serikali kwamba umepewa kiwanja na maiti, halafu ukaambatanisha uthibitisho wa maiti!"

"Cheka ukimaliza useme tufanyeje."

Halidi alisema ni jambo dogo. Mzee ateremke mahakama ya mwanzo, ale kiapo kwamba Lukonge na Mansuri Selemani ni mtu mmoja mwenye majina mawili, hakimu agonge muhuri, basi. Viapo vya namna hiyo alishaandaa tisa wiki hiyo. Kesho yake mkaguzi wa bima alikuwa amepangiwa kupanda Lugeni kuangalia jengo, kwa hiyo kiapo kingemfikia kikiwa bado cha moto. Akachapa karatasi, akaiweka kwenye bahasha, akafunga kibanda. Alitaka kumwona kwa macho yake marehemu aliyetoa kiwanja.

Marehemu walimkuta barazani kwake, amekaa kwenye kiti cha uvivu, kofia kichwani, anamsikiliza mtu aliyegombana na shemeji yake kwa ajili ya mnazi. Alikuwa mzee wa miaka sabini na moja, mrefu, mkavu. Zamani alikuwa fundi cherehani. Lakini tangu apate jina, alizungumza kama mtu aliyekuwepo tangu milima inaumbwa.

"Shikamoo, mjomba," Zuhura alisema akipiga goti.

"Marahaba. Na huyu ni nani?"

"Halidi, mzee wangu, shikamoo. Natoka mjini, nimekuja kwa ajili ya zahanati."

"Marahaba. Karibu. Kaa hapo ulipo. Hapo ndipo niliposimama nilipowakimbiza Wambunga."

Halidi alipiga hesabu kimyakimya. Wambunga walivamia huko babu yake akiwa hajazaliwa. Akakaa, hata hivyo, kwa heshima ya vita.

Zuhura alieleza kila kitu. Mzee alisikiliza vizuri, akauliza maswali ya maana, akasikitika kwa ajili ya Bi Pili. Kisha akanyoosha mkono akapokea kiapo, akakisoma kwa kukiweka mbali na macho, akakirudisha.

"Sisaini."

"Mjomba!"

"Hapa pameandikwa Lukonge na Mansuri ni mtu mmoja. Niape hivyo kwa Msahafu? Nimwongopee Mungu mbele ya hakimu? Mansuri amezaliwa juzi. Lukonge ndiye aliyempa bibi yako ardhi hii mwaka wa nzige."

"Basi mzee," Halidi akaingilia kwa upole wa kibiashara, "tuache kiapo. Tuandike barua mpya ya kiwanja, usaini kama Mansuri."

Mzee akamcheka waziwazi. "Mansuri ana kiwanja gani? Mansuri hana hata shimo la choo. Choo unachokiona pale ni cha ukoo. Mansuri ana cherehani moja na miwani."

Na hapo, chini ya mzaha, ndipo lilipokuwa jambo lenyewe. Aliwaeleza taratibu, kama anayekata kitambaa cha mtu. Watoto wake wa kuzaa ni wa ukoo wa mama yao, ndivyo ilivyo. Leo Mansuri akisaini kwamba ardhi ni yake, kesho Mansuri akifa watoto wake watakwenda mahakamani na karatasi hiyo hiyo yenye muhuri, nao watashinda. Zahanati itakuwa yao, na shamba la Bi Pili, na makaburi. Na akiapa kwamba Lukonge ni yeye, basi siku akizikwa Lukonge naye atakuwa amezikwa, kwa mujibu wa serikali. "Nilipewa nitunze," alisema. "Sikupewa nigawe."

Zuhura alijua mjomba ana haki. Hilo ndilo lililompandisha hasira. "Sawa," alisema, na goti likainuka lenyewe. "Tunza. Bi Pili akianguka tena asifike, tutamzika kwenye hiyo hiyo ardhi unayoitunza. Si ina nafasi? Na mimi nitafunga mlango, jengo uwape popo, nao ni wa ukoo wa mama yao!"

Mtu wa mnazi akashika mdomo. Hakuna aliyewahi kusema hivyo mbele ya Lukonge yeyote aliyewahi kukalia jina. Mzee alisugua paji la uso kwa vidole viwili.

"Jogoo," alisema mwishowe. "Faini. Umlete kesho asubuhi."

Asubuhi ya Alhamisi Zuhura alimpeleka jogoo, hakuombwa radhi wala hakuomba, akarudi kumsubiri mkaguzi. Mkaguzi aliitwa Modesta. Alifika saa nne akiwa na tope mpaka magotini na kishikwambi kifuani kama mtoto mchanga. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alifungua kila kabati, akasoma tarehe za dawa, akakalia kitanda cha kujifungulia kukijaribu, akatia alama, akatia alama, akatia alama. Halidi, aliyelala kijijini, alimfuata nyuma akiambatanisha pumzi zake kwenye kila alama.

"Jengo zuri," Modesta alisema. "Sasa tuje kwenye kiwanja. Huyu marehemu."

"Marehemu huyo anakuja," Halidi alisema.

Mzee alikuwa anapanda ngazi polepole, kanzu nyeupe, fimbo mkononi, na chini ya kwapa yule jogoo. Modesta akamwamkia, mzee akaitikia na kuuliza mgeni ni wa wapi.

"Gairo, mzee."

"Gairo! Mkaguru!" Uso wa mzee ulichanua. "Zuhura, funga friji, watani wameingia."

"Funga wewe mdomo kwanza, mzee, asije akaingia mbu," Modesta akajibu bila hata kuinua macho. "Utaugua malaria, na hapa bima hamna."

Baraza zima likacheka, mzee zaidi ya wote. Akamsogezea jogoo. Modesta akasema mkaguzi haruhusiwi kupokea kitu. Mzee akasema kweli, kupewa ni marufuku, lakini mtani hapewi, mtani anachukua, kwa hiyo na achukue. Modesta akasema atafukuzwa kazi kwa ajili ya jogoo wa Kiluguru aliyekonda namna ile, na ndugu zake wakisikia watakufa kwa aibu. Jogoo akafungwa kwenye mguu wa benchi, akawa hana mwenyewe.

Kisha wakakaa. Mzee alieleza upya, na safari hii hakuhitaji kueleza sana, maana Wakaguru nao ni watu wa kwa mama. Modesta alikuwa anatikisa kichwa kukubali katikati ya kila sentensi. "Mjomba wangu ni hivyo hivyo," alisema. "Mimi naelewa, mzee. Nakuelewa kabisa. Ila mfumo hauna mjomba. Mfumo unataka jina, namba ya kitambulisho, na saini. Jina na namba visipofanana, unakataa. Na kesho saa nane unafunga."

Zuhura alitazama mezani, kwenye barua ya utambulisho aliyokuja nayo Modesta, akaisoma kwa kukosa mahali pengine pa kuweka macho. Chini kulikuwa na saini iliyojipinda, na chini ya saini herufi tatu ambazo kila Mtanzania aliyewahi kwenda ofisini anazijua, kny, kwa niaba ya. Kny Meneja.

"Huyu aliyesaini ndiye meneja?" akauliza.

"Hapana. Ni afisa wa zamu. Amesaini kwa niaba."

"Na mameneja wamepita wangapi tangu uajiriwe?"

"Watatu."

"Yule wa kwanza alipoondoka, barua zake mlizichoma?"

"Tuzichome kwa nini? Ni barua za Meneja." Modesta akafungua kinywa kuendelea, akakiacha wazi hivyo hivyo.

Halidi alikuwa ameshatoa kalamu. Zahanati haikuwa na kompyuta ya kuchapia, kwa hiyo aliandika kwa mkono, nyuma ya fomu ya kliniki ya watoto, akisoma kwa sauti: "Mimi, Mansuri Selemani, mtu mzima, Mwislamu, mkazi wa Lugeni, naapa kwamba Lukonge ni cheo cha ukoo wetu kisichokufa. Kwamba ardhi ni ya ukoo chini ya cheo hicho. Kwamba mimi ndiye ninayekikalia sasa, na nitakapokufa atakikalia mwingine. Kwamba zahanati imeruhusiwa kutumia kiwanja hiki. Nasaini kny Lukonge." Akamtazama Modesta. "Namba ya kitambulisho ya nani?"

"Ya Mansuri," Modesta alisema, "na jina la Mansuri, kwenye sehemu ya mwakilishi. Mwenye kiwanja tunaweka taasisi. Jina la taasisi, Lukonge. Kiapo na muhtasari wa mkutano wa kijiji uliomo tayari kwenye faili vinatosha."

Wote wakamgeukia mzee. Alikuwa amefumba macho. "Katika karatasi hiyo," aliuliza, "Mansuri anapata nini?"

"Hapati kitu, mzee," Halidi alisema. "Anasaini tu."

"Basi huyo namfahamu. Atasaini."

Ijumaa asubuhi Halidi aliteremka naye mahakamani. Njiani mzee alisimama mara tatu, akashika mti, akamwonyesha Halidi mipaka ya ukoo kwa fimbo, na Halidi, mtu wa mjini, alishukuru kupata nafasi ya kupumua. Hakimu aligonga muhuri saa tano. Modesta akapandisha kiapo kwenye mfumo saa saba na dakika arobaini. Mfumo ukazunguka, ukazunguka, ukakubali.

Jina la zahanati lilitokea kwenye orodha wiki ya tatu. Halidi alipiga simu akipiga kelele utadhani yeye ndiye aliyejifungua. Zuhura alikimbia mpaka kwa Bi Pili akiwa na kandambili mguu mmoja, wakakumbatiana, wakayumba, nusura waanguke wote kwenye mahindi. Kesho yake benchi lilijaa kabla ya jua kupiga bati. Bi Pili alitangulia. Kadi yake ikasomwa, jina likatokea, akatoka na dawa za mwezi mzima na bandeji mpya, akapita mbele ya kila mtu polepole makusudi, ili waone alivyofika nyumbani kwa hatua mia mbili.

Mzee naye alikuja. Watu wakasimama kumpisha, akakataa, akakaa mwisho wa benchi, akaweka kadi yake kwenye rundo kama wengine. Zuhura alikuwa anazisoma moja moja kwenye mashine na kuita jina linalotokea. Kabla ya adhuhuri akaita, "Mansuri Selemani!"

Hakuna aliyesimama.

"Mansuri Selemani!"

"Huyo si wa huku," mwanamke mmoja alisema. "Labda katoka Kinole."

Ndipo mzee akainuka, mkono mmoja ukutani. Aliingia ndani, akakaa, akakunja mkono wa kanzu bila kuambiwa. Zuhura alimpima presha, akadhani mashine imekosea, akapima mkono wa pili. Mia mbili na kumi kwa mia na ishirini.

"Mjomba," alisema. "Tangu lini?"

"Lukonge hajambo," mzee alisema. "Mansuri ndiye anayeumwa. Mwaka wa pili huu. Kichwa, na macho yanaingia giza."

"Na siku zote hizo... barazani pale, nilipokutolea maneno yale, ulikuwa unaumwa?"

"Sana. Siku ile sana."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani, mwanangu? Watu wanakuja kumwona Lukonge. Wanaleta mashauri, wanasalimia, wanaondoka. Tangu nilipokalia jina hili hakuna aliyewahi kuuliza Mansuri kaamkaje. Hata mke wangu."

Zuhura aliona haya mpaka masikio yakawaka. Alimpa kidonge na maji, akasubiri ameze. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele yake magoti yakigusana, akashusha kichwa.

"Shikamoo, mjomba Mansuri."

Mzee alichelewa kuitikia. "Marahaba," alisema.

"Umeamkaje?"

Akamweleza. Ilichukua muda mrefu, na huko nje, kwenye benchi, hakuna aliyegonga mlango.